Mbonyeo Alioufuta Hirut

Saa tatu asubuhi, gereji moja ya Gulele, Addis Ababa. Hirut Demissie amejikunja ndani ya mlango wa pikapu, mkono umeshika chuma kirefu chenye ncha butu, macho ameyakaza kwenye taa.

Taa hiyo ina mistari inayoonekana kwenye rangi ya gari kama kwenye kioo. Bati likibonyea, mstari unapinda. Hirut anasukuma kwa ndani, taratibu, mpaka unyooke. Hapigi nyundo, hapaki pati ya kujazia mabonde, hapulizi rangi.

"Ukilibembeleza bati, linarudi lilikokuwa," anasema bila kugeuka. "Mimi naona ile mistari tu, inatembea kama maji. Hata njaa nasahau."

Ng'ambo ya ua, Ato, yaani Bwana, Gebeyehu, mzee aliyemfundisha kazi, anagonga bodi ya lori. Yeye ni wa nyundo, pati na msasa tangu ujana.

"Mwone huyo, anakanda gari utadhani linaumwa mgongo!"

"Na wewe baba unalipiga utadhani limekuibia!"

Wanataniana hivyo kutwa nzima. Bati likichanika, Hirut humpelekea mzee. Mvua ya mawe ikipiga, mzee humpelekea Hirut gari, maana mnunuzi wa magari wa Addis hugongagonga bodi kwa vidole kwanza, na akisikia mlio mzito wa pati tu, bei inashuka palepale.

Mwaka jana, msimu wa mvua, Weyzero, yaani Bibi, Asnakech alimletea Hirut Folkswagen ya buluu, ile ya mgongo wa kobe, boneti imebonyeabonyea kwa mawe ya mvua.

"Mwanangu, rangi hii isiguswe," mjane huyo alimwambia. "Marehemu Zewde aliing'arisha kila Jumamosi."

Rangi kuukuu hupasuka upesi, na ikipasuka ndiyo basi, ni kukwangua na kupuliza upya. Hirut aliipasha joto, akasukuma, akapumzika, akasukuma tena. Siku zilipita kama usingizi mtamu. Mwishowe boneti ikatulia kama maji ya mtungi. Haikuwa na ufa hata mmoja.

Weyzero Asnakech alikuja na mkate wa kumshukuru. Akapitisha kiganja juu ya boneti, kikasimama karibu na ukingo.

"Uko wapi?"

"Nini, mama?"

"Pale alipokuwa anapiga ngumi."

Boneti ile ilikuwa ngumu kufunga. Miaka yote Ato Zewde aliifunga kwa ngumi, mahali palepale, mpaka bati likabonyea. Hirut hakulijua hilo. Taa ilimwonyesha mstari uliopinda, naye akaunyoosha.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema. "Niliona nimemzika yule mzee mara ya pili."

Ato Gebeyehu alisogea na nyundo yake. "Mama, nikuwekee mbonyeo mwingine?"

"Kwani wewe ulikuwa mume wangu?"

Mzee akarudi nyuma. Weyzero Asnakech akainua boneti, akaiachia. Haikufunga. Akapiga ngumi. Ikagoma. Akapiga tena kwa nguvu zake zote, ikafunga.

Akautazama mkono wake uliokuwa mwekundu. "Kumbe alikuwa anaumia," akasema, akicheka na machozi yakimtoka.

Chini ya taa, mstari mmoja ulikuwa umepinda kidogo, palepale. Hirut akaizima taa.

Sasa anaota gereji yake mwenyewe, kwenye mteremko wa mlima Entoto, yenye ukuta mmoja mweupe wa kupokea mwanga. Ato Gebeyehu amekubali kuhamia naye. "Lakini nyundo zako zitakaa nje ya dirisha," Hirut anamchokoza.

Kwenye ubavu wa pikapu ya leo kuna duara la chaki, na ndani yake mbonyeo ambao hautaguswa. Siku hizi, kabla hajawasha taa, Hirut humuuliza kila mteja: "Kuna mmoja niuache?"

Wengi hucheka na kumwambia aondoe yote. Wengine hulizunguka gari, halafu wanaomba chaki.