Nilipeleka ndengu kwa wakwe Laare, fukusi wakatoka katikati ya maombi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii ilinipata mimi mwenyewe, na mke wangu anasoma hapa begani nikiandika, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi sitaweza.

Mimi ni mtu wa Kiambere, huku Mbeere kwenye jua. Mwaka huo ndengu zilikubali. Nikaweka gunia moja kando la kwenda kujitambulisha kwa akina Kendi, mchumba wangu wakati huo, kule Laare.

Shida ni kwamba nililiweka chini ya kitanda miezi minne. Sikukausha vizuri, sikuweka dawa, sikuchungulia.

Kwa wasiomjua fukusi: ni mdudu anayetaga yai juu ya punje, mtoto anakula ndani kwa ndani, halafu anatoboa anatoka akiwa mtu mzima. Wewe kwa nje unaona gunia liko fiti tu.

Siku ikafika, nikavaa suti.

Babake Kendi ni mzee wa kanisa, mpole lakini hacheki. Akasema gunia liwekwe sebuleni, kando ya kiti chake. Mamake akalifungua aone ndengu za Mbeere. Kabla hajashika, mzee akasema, "Tuombe kwanza."

Gunia likabaki wazi.

Wakuu, mzee aliomba. Aliombea mvua, miraa, barabara, na wagonjwa wa kijiji kizima mmoja mmoja. Nikafungua jicho moja.

Fukusi walikuwa wanatoka kama watu wa soko. Wengine wako kwa vitambaa vyeupe vya viti, wengine kwa kola ya mzee. Mmoja akaingia sikioni. Mzee akajipiga kofi na kuendelea, "Na utulinde na adui anayeonekana na asiyeonekana."

Kendi akacheka kwa pua. Mimi jasho linanitoka, najua mke nimekosa.

Baada ya amina, mzee akamtoa yule fukusi, akamtazama kwenye kidole.

"Kijana, hizi ndengu uliweka dawa gani?"

"Sikuweka, baba."

"Hiyo naona."

Mamake Kendi akaleta nyungo mbili, mmoja akanipa. Tukatoka nje. Nilipepeta na suti yangu mpaka saa kumi, shangazi wanne wakinirekebisha mkono. Zilizopona zilijaa beseni moja. Zingine kuku walifurahia, pamoja na wenyewe waliokuwa ndani.

Wakati wa kuaga nilikuwa nimejaa vumbi hadi kwa nyusi. Mzee akanishika mkono, uso vilevile.

"Utarudi," akasema. "Lakini uje mikono mitupu."

Nilirudi. Tumeoana.

Funzo: kausha ndengu mpaka ukiuma punje ivunjike, weka kwa mfuko usiopitisha hewa, na gunia lifungulie kwako kwanza.

Haya, nani mwingine ameaibika mbele ya wakwe? Semeni, msiniache hapa peke yangu.