Mchimba Vyoo Aliyesikia Ghala Chini ya Ardhi

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, na mzee mwembamba wa miaka sitini na moja anatembea uwandani kwa hatua fupi, kama aliyedondosha sindano. Kila baada ya hatua mbili anasimama, ananyanyua mtaimbo wake hadi usawa wa kifua, anauachia. Du. Anasikiliza. Anasogea. Du.

Nyuma yake wanafuata wasomi wawili wamekumbatia vigingi. Wanamsubiri yeye.

"Hapa pazima," anasema. Hatua nne mbele mtaimbo unatoa mlio mwingine, mzito, kama mtu anayeitikia na chakula kimejaa mdomoni. "Hapa pameshafunguliwa. Pigeni kigingi."

Kazini wanamwita Mtaimbo. Kwa miaka thelathini na sita amechimba vyoo na visima, na hesabu yake, anayoitunza kichwani, imepita mashimo mia nne. Hulipwa kwa futi. Miezi ya mvua hukaa bure, maana udongo uliolowa hula watu. Uliwahi kumfukia hadi shingoni, ukamwachia mbavu mbili zilizounga upande.

"Kazi yangu kila mtu anaihitaji, ila hakuna anayetaka kuitaja wakati wa kula," anasema, na kucheka sana.

Uwanda huu ulitengwa kwa makontena ya betri, yatakayohifadhi umeme wa jua la mchana ili vijiji tisa vipate taa usiku. Kabla ya kumwaga zege, sharti ardhi ikaguliwe kama ina mabaki ya watu wa kale. Mtaimbo, aliyekuwa amekaa miezi miwili bila kibarua, akachukuliwa kuchimba mashimo arobaini ya majaribio, kila moja mita moja kwenda chini.

Thelathini na moja yalitoka matupu. La thelathini na mbili nalo likafika mita moja bila kitu, udongo rangi moja juu hadi chini. Msimamizi wa ujenzi akaamuru lifukiwe. Mtaimbo akauachia mtaimbo wake kwenye sakafu ya shimo, akasikiliza, kisha akatoka, akaweka beleshi chini.

"Bosi, hapa hatujamaliza. Hiki ni choo cha watu."

Vibarua wakaangua kicheko. Msimamizi hakucheka. Ilikuwa Jumatano, na ripoti ilitakiwa Ijumaa.

"Mzee, hapa hajawahi kuishi mtu. Choo cha nani, cha swala?"

"Cha nani sijui. Najua pamechimbwa."

"Haya, endelea mpaka jioni. Ukikosa kitu, kesho usije."

Mke wake alikuwa ameshapanga unga wa wiki mbili kutokana na kibarua hicho. Mzee alilijua hilo. Akashika sururu.

Mtafiti wa mambo ya kale, dada kijana ambaye vibarua humwita Madam Brashi, alikuwa tayari ameandika "tupu" kwenye daftari. Akasogea ukingoni.

"Umejuaje, baba?"

"Mwanangu, ardhi ni kama mguu uliowahi kuvunjika. Utaunga, utatembea, utacheza hata ngoma. Lakini ukiugonga, unasema."

Dada akavua kofia, akashuka shimoni naye.

Saa tisa alasiri, mita moja na sentimita themanini chini, sururu ikagusa kitu kigumu. Mtaimbo akaitupa, akaendelea kwa vidole. Ukatokea ukuta wa mviringo, umekandikwa udongo laini na kuchomwa ukawa mwekundu kama chungu. Hakukuwa na choo. Sakafuni, unene wa viganja viwili, zililala punje nyeusi zilizoungua, kila moja na umbo lake. Mtama.

Madam Brashi aliketi palepale kwenye vumbi. Juu, wale waliocheka walikuwa wanasukumana ukingoni wachungulie. Msimamizi hakutazama saa.

"Nilikosea," Mtaimbo akasema taratibu. "Nilidhani choo, kumbe ni ghala."

Maabara baadaye ilisema punje zile zina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Lakini kilichomkosesha mzee usingizi ni upande mmoja wa ukuta, ambako udongo ulibanduka, na alama za jembe la mchimbaji wa kwanza zikaonekana.

"Alikuwa mtu wa mashoto," anaeleza, akiinamisha mkono kufuata michirizi ile hewani. "Hapa alikuwa na nguvu. Hapa amechoka. Pale kakutana na jiwe, akalizunguka. Na mimi ningelizunguka vilevile! Miaka elfu, bwana, na nimemwona akihema."

Tangu siku hiyo Madam Brashi humtanguliza yeye. Amepiga vigingi sehemu nyingine kumi na moja, na kumi zilikuwa maghala. Moja ilikuwa pango la mhanga, yule mnyama mla mchwa.

"Na lenyewe ni shimo," anajitetea. "Mhanga naye fundi."

Makontena ya betri yamehamishiwa hatua mia na ishirini mbali, na msimamizi alivuta kamba ya vipimo kwa mkono wake mwenyewe. "Ilibaki kidogo nimfukuze mwenye masikio, nibaki na mashine za ujenzi tu," anasema.

Mtaimbo huyatazama makontena yakishushwa, kisha huyatazama mashimo. "Wao waliweka mtama, hawa wanaweka jua. Hofu ileile: kesho tutakuwaje?"

Nyumbani kwake, uani, duara limeshachorwa kwa kijiti. Mpango wake ni kuchimba ghala kama lile, alikandike, alichome, ajaze debe tatu za mtama, alifunge. Anataka kujua kama yule wa mashoto alikuwa anajua kazi.

Mkewe, anayeosha vyombo, hajaafiki.

"Debe tatu, baba watoto? Na tukifa kabla ya kulifungua, nani atajua lilipo?"

Mzee ananyanyua mtaimbo hadi kifuani, anauachia katikati ya duara. Du. Pazima.

"Atakuja mchimbaji mwenzangu," anasema. "Atasikia."