Mvua ya Julai ya Bonyana Seleka

Kwa miaka kumi na tisa Bonyana Seleka alipima mvua ya kijiji cha Hukuntsi kila siku saa mbili asubuhi. Siku waliyomzika mama yake, waombolezaji walikuwa bado wananawa mikono getini, yeye ameshainama juu ya kipimamvua na kitambaa cheusi kichwani.

Kwa hiyo barua ya mradi wa ukame ilipofika, damu ilimchemka. Grafu ya kituo chake, ilisema, ilionyesha mvua kubwa Julai na Agosti, miezi ambayo jangwa la Kgalagadi halioni tone. Huenda takwimu zilibuniwa nyumbani. Akabidhi funguo za uzio wa kipimamvua.

"Nyumbani!" alifoka. "Mimi nibuni mvua, nchi hii?"

"Achana nao, Mama Pako," mumewe alisema, magwinya, maandazi ya kwao, yamejaa mdomoni. "Wakubwa hawashindwi."

"Wewe kula magwinya yako."

Mradi wenyewe ndio uliomfundisha kuingiza takwimu kwenye kompyuta na kuzichora kwa maktaba ya programu, ile inayogeuza safu za namba kuwa mstari wa miaka. Funguo alizikabidhi, kisha akaenda ofisi ya kgotla, baraza la kijiji, akaomba kompyuta, akaendesha msimbo uleule walioutumia wao. Kweli: tarehe mosi Julai, milimita arobaini na moja.

Akafungua daftari. Tarehe mosi Julai, sifuri. Arobaini na moja ilikuwa tarehe saba Januari ya mwaka uleule, na mvua ile aliikumbuka vizuri: iling'oa paa la choo chao. Yeye aliandika 1/7 na 7/1 kama watu wote wa kwao, siku mbele, mwezi nyuma. Programu, isipoambiwa, huanza na mwezi. Mpaka ikutane na kumi na tatu, mwezi usiokuwepo, ndipo inashtuka. Aliongeza agizo moja tu, siku kwanza, akachora upya. Julai ikakauka.

Hakufurahi. Hasira ilizidi.

Aliipeleka grafu mpya Kang. Ofisini huko, mtaalamu wa mradi, Thuso Rantao, aliitazama ile karatasi, akakohoa. "Mma, hili ni kosa dogo la kiufundi."

"Dogo? Ulipoona mvua Julai, kipi kilikujia kwanza, kukagua kazi yako au kuniita mwongo?"

Rantao aliigeuza karatasi kifudifudi.

"Nijibu, Rra."

"Tutarekebisha grafu."

"Na barua?"

"Grafu ikirekebishwa, barua si imejifuta?"

"Barua haikujiandika. Haiwezi kujifuta."

Bonyana akavuta kiti, akaketi, Rantao akaanza kuandika barua ya kuomba radhi. Rasimu ya kwanza ilisema "kama kulitokea usumbufu", akairudisha. Ya pili ilisema "pande zote mbili". Akaikunja mbele ya macho ya Rantao. Ya tatu ilisema mradi ulikosea na Bonyana Seleka hakubuni hata tone. Rantao akatia saini bila kuinua uso, akamsukumia funguo.

"Siku hizi kumi na moja mlizokaa na funguo," Bonyana aliuliza akizitia mkobani, "nani alipima?"

Rantao alimtazama katibu wake. Katibu alitazama dirishani.

Ilikuwa Januari, katikati ya masika yao. Nyumbani alikuta kipimamvua kimefurika, maji ya siku zote yamechanganyika, na chura amekufa ndani. Mwisho wa mwezi Rantao alimpigia simu: je, asiombe programu iunganishe lile pengo la siku kumi na moja kwa mstari, grafu ipendeze?

"Thubutu," Bonyana alisema, akakata simu.

Aliacha pengo wazi. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa: MRADI ULICHUKUA FUNGUO.