Tuta la Juu la Mzee Nzioka

Siku ile naikumbuka kwa watu waliokuwamo, mwanangu, kwa hiyo nitawataja kwanza. Alikuwapo Bwana Mbuvi, mkurugenzi wa kikundi chetu cha ngoma na maigizo ya vijana, na ndiye aliyetuita. Alikuwapo Mzee Nzioka, mpiga ngoma na mwalimu wa wachezaji. Alikuwapo Kalekye, mjane aliyeshona mavazi ya jukwaani na kuwapikia vijana muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyochanganywa na maharagwe. Alikuwapo Mutinda, mwalimu wa maigizo, ambaye hakuweza kukaa dakika tano bila utani. Na nilikuwapo mimi, Mwikali, mtunza stoo. Tulikuwa watano tu, ndani ya ghala kuukuu la pamba hapo Tawa, saa nne asubuhi, miaka ya sabini. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenata kwenye mapaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wazazi wangu walikufa wakifuatana nikiwa darasa la sita, nikaacha shule kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na wadogo zangu watatu. Kazi ya stoo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha ndugu yangu Kioko, aliyekuwa sekondari ya bweni upande wa Kitui. Kwa hiyo Bwana Mbuvi alipokunjua barua aliyotuitia, mimi sikuona barua. Nilimwona Kioko akirudi nyumbani na sanduku begani.

Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamepunguza pesa.

"Njia ni mbili," Bwana Mbuvi alisema. "Wawili waende nyumbani, watatu wabaki na mshahara kamili. Au tubaki wote, kila mshahara ukatwe karibu nusu, mpaka tupate msaada mwingine. Lakini hiyo ya pili, mmoja wenu akikataa, siwezi kuifanya."

Mzee Nzioka hakufikiri hata kidogo. "Hii si ni mwethya tu? Shamba likiwa kubwa na chakula kidogo, hamfukuzi watu. Mnagawana mistari na mnagawana sufuria."

Mwethya ni lile kundi letu la kuchimbiana mashamba kwa zamu. Leo tunakuja kwako, kesho tunakwenda kwa mwingine. Ukichimbiwa, unabaki na siku ya jembe ya kurudisha, na hakuna anayeiandika popote.

"Mimi nakubali," Mutinda alisema, "ila mzee, nusu ya mshahara wangu hainunui hata viatu vya kumkimbia mwenye nyumba."

"Wewe umezoea kumkimbia pekupeku," Kalekye alimjibu, na tukacheka. "Mimi pia nakubali. Nimelea watoto kwa kidogo kuliko hicho."

Kisha wote wakanitazama mimi.

"Sikubali," nilisema. Nilisimama, jambo ambalo halikuwa na haja, kwa maana tulikuwa watano. "Mimi ni baba na mama wa watoto watatu. Nikipeleka nusu ya karo, mwalimu mkuu atapokea nusu ya Kioko? Waende wenye mashamba. Wao wanaweza kulima."

Bwana Mbuvi na Mutinda walikuwa wapangaji wa vyumba hapo sokoni. Wenye mashamba walikuwa Mzee Nzioka na Kalekye. Sikutaja jina la mtu, lakini hakuna aliyeuliza nilimaanisha nani.

Mzee Nzioka alinigeukia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mwikali," alisema, "hata wewe una shamba. Nalijua. Nimelichimba."

Ilikuwa kweli. Miaka miwili kabla ya hapo, mvua ilikuwa inaubeba udongo wote wa shamba la marehemu baba na kuushusha mtoni. Mzee Nzioka alikuja na Kalekye na vijana wanane wa ngoma, wakanichimbia matuta ya kuzuia maji siku mbili nzima, yeye akiimba ili majembe yaende pamoja. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Yangu utanirudishia kabla ya mvua nyingine." Nikasema nitakuja. Mvua zilinyesha mara nne, na sikwenda.

Mwanangu, hapo ningeweza kukaa chini. Neno la kusema nimekosea lilikuwa tayari mdomoni. Lakini niliona lile sanduku la Kioko tena, nikabaki nimesimama.

"Ndilo neno lako la mwisho?" Bwana Mbuvi aliuliza.

"Ndilo."

Basi wakaondoka Mzee Nzioka na Kalekye. Ngoma mbili kubwa zilikuwa mali ya mzee mwenyewe. Alizifunga kwenye baiskeli yake, akaisukuma kwa miguu. Kalekye aliyakunja mavazi yote, akaniletea stoo. "Hesabu vizuri," alisema, "mama wa watoto watatu."

Vijana waliendelea kuja, wiki moja, mbili. Mutinda aliwapigia debe la mafuta. Mwanzoni walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaacha kuja. Wafadhili walipotutembelea walikuta wachezaji hawafiki kumi wakiruka kwa mdundo wa debe. Barua iliyofuata haikuwa na pesa yoyote. Nikafunga stoo, nikampa Bwana Mbuvi funguo. Ule mshahara kamili nilioupigania niliupokea miezi saba.

Sitakudanganya kwamba Kioko alikosa masomo. Alirudi na sanduku lake, tukauza mbuzi, akamaliza shule. Tungeuza mbuzi wale wale hata kwa nusu mshahara.

Miaka iliyofuata nilimkwepa Mzee Nzioka. Nikiiona kofia yake sokoni nilijiingiza kati ya wauza nyanya. Yeye alikuwa akiwaambia watu, "Mwambieni Mwikali nimemuuliza." Walinifikishia kila mara. Sikuwahi kumrudishia salamu.

Alipokufa nilikuwa tayari na nywele nyeupe. Baada ya mazishi, mkewe Syombua alinishika mkono akanipeleka shambani. Mteremko mzima ulikuwa umechimbwa matuta, na nyasi zimepandwa kingoni. Wale vijana wa ngoma, sasa watu wazima, walikuwa wamemfanyia mwethya mwaka hadi mwaka. Sehemu ya juu kabisa tu ndiyo ilikuwa haijaguswa. Vigingi viwili vya kupimia tuta vilikuwa vimesimama pale, na kamba ya katani kati yavyo, imekuwa nyeusi.

"Hapa alikataa pachimbwe," Syombua alisema. "Kila mwaka maji yanatoka hapa yanavunja matuta ya chini, na kila mwaka tunagombana. Anasema, 'Hapo ni pa Mwikali. Ana siku yake hapo.'"

"Alisema kwa hasira?"

"Alikuwa anacheka. Alisema unachelewa, lakini utakuja."

Niliahidi kuajiri vibarua wiki hiyo hiyo. Syombua akaniuliza, "Vibarua walikuwa ndani ya lile ghala?"

Mwanangu, wewe unayefanya kazi katika ofisi za siku hizi, barua kama ile itasomwa mbele yako pia. Siku hiyo usiwe wewe wa kusema nani aende. Sikulaumu kuwa na njaa nyuma yako, mimi nilikuwa nayo. Lakini kulea wadogo zako hakukupi ruhusa ya kuwafanya watoto wa wengine kuwa si kitu. Kabla ya kusimama, kumbuka aliyeinama shambani kwako. Na ukishakosea, nenda upesi, wakati yule mtu bado anaweza kukufungulia mlango mwenyewe. Nilidhani aibu yangu ingepungua nikingoja. Nilichopunguza ni siku zake za kuniona.

Mungu akupe mkate wa kutosha, na akikupa nusu, akupe pia watu wa kuula nao. Mikono iliyokuchimbia uikute ingali na joto.

Mimi huenda kwa Syombua kabla ya kila msimu wa mvua, na jembe langu. Magoti yananiruhusu hatua tatu, nne. Kijana wangu mwingine alitaka kunimalizia, nikamkatalia. Kutoka jembe langu lilipoishia hadi kile kigingi cha pili zimebaki hatua kumi na tisa, na mawingu ya Novemba yameanza kukusanyika.