Kimya cha Njia ya Musienene

Asubuhi za Mususa, mtaa wetu mjini Butembo, zilianza kwa mkwaruzo wa chukudu. Jua halijapenya ukungu, vyombo hivyo vya mbao vya magurudumu mawili vilikuwa vikishuka kutoka Musienene, vimeshindiliwa viazi, kabichi na makaa, wenyewe wakipiga miluzi ili wapishwe. Viazi vilinukia udongo mbichi, na moshi wa mikaratusi ulituwasha macho. Mama alitega sikio kwanza ndipo atuambie tuvae sare. Chukudu zikishuka, tulikwenda shule. Zisiposhuka, tulibaki ndani, kwa kuwa wasukuma chukudu ndio waliotangulia kunyang'anywa mizigo na kubebeshwa risasi na watu wenye bunduki. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo. Tulikulia vitani, tukalijua kama tulivyojua kuchota maji.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa mgeni kutoka Kisangani. Kwake chukudu zilikuwa kelele tu, naye alifunga madirisha ili tumsikie. Alikuwa mkali, lakini alitupenda, na methali yake haikufutwa ubaoni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka ule mtihani wa mwisho ulipangwa kufanyika Musienene. Asiyefika angepoteza mwaka mzima, na wazazi wetu walikuwa wameuza maharagwe ya mbegu ili tusome. Mwalimu akaamuru tulale shuleni, tuondoke pamoja alfajiri.

Alfajiri ilipofika, tulijipanga uani, kalamu mfukoni, meno yakigongana kwa baridi. Njia ilikuwa kimya. Nilitazamana na wenzangu, nikaona kila mmoja ameshasikia kile nilichosikia mimi, yaani hakuna kitu. Nilitaka kusema, ila nani amkatize mwalimu siku ya mtihani? Alipotuambia twende, Kahindo, msichana mpole aliyeketi nami dawati moja, aliketi chini palepale kwenye umande. Mwalimu akamwendea, na sisi tukajua fimbo inafuata.

"Kahindo, unaogopa examen ao unaogopa njia?"

"Njia, Mwalimu. Tangu asubui chukudu hata moja haiyashuka."

Akamuuliza chukudu zina nini na mtihani. Kahindo akamweleza kwa sauti ndogo, akiitazama mikono yake. Mwalimu akageukia barabara, akasikiliza kwa muda mrefu, labda kwa mara ya kwanza tangu afike kwetu.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Basi tuikale."

Sijawahi kuketi kwa mashaka namna ile. Jua lilipanda, saa ya mtihani ikawadia, na njia ilibaki tupu. Baadhi yetu walianza kumnung'unikia Kahindo, na mimi, rafiki yake, nikawaza nitamwambia nini Baba iwapo amekosea. Kahindo alilia bila sauti. Mwalimu alikwenda mpaka langoni, akarudi, akaenda tena, lakini hakumlaumu kwa neno hata moja. Hatimaye wanawake watatu walitokea migombani, matope hadi magotini. Walisema watu wenye bunduki wamefunga daraja la kwenda Musienene tangu usiku, na vijana wote waliokutwa njiani wamefungwa kamba na kupelekwa msituni.

Mwaka tuliupoteza. Tulirudia darasa la sita, na mwalimu akaomba abaki nalo. Methali yake ilibaki ubaoni, ila kila asubuhi alifungua madirisha, akatuuliza tumesikia nini njiani, na mkuu wa siku hiyo akawa yeyote mwenye jibu. Wazazi wengine walicheka kwamba mwalimu anafundishwa na wanafunzi. Hakujali.

Leo mimi ni mwalimu katika mji wa Beni. Nami huwauliza wanafunzi wangu wamesikia nini njiani kabla ya hesabu, nao hunijibu bila kusita: shamba gani halilimiki, wenzao gani hawatakuja tena. Wakaguzi hunisifu kwamba nawasikiliza watoto. Sifa hiyo hunichoma. Ningefurahi kuingia darasani asubuhi moja, niulize kama kawaida, na wanishangae kwa nini nauliza.