Kicheko cha Bi Kufuli

Mama Redio aliacha kucheka siku ileile alipoipokea hati ya madai. Hakuamua, ilitokea tu. Alikuwa sokoni, muuza nyanya akamtania, "Leo unanunua, au unakwenda kuzifungia kufuli?" Kicheko kikampanda kifuani kama kawaida yake. Kilipofika kooni akakimeza, akageuka kutazama nyuma kama mtu aliyebeba mali ya wizi. Muuza nyanya akadhani amemuudhi, akamwongeza nyanya. Akaipokea, akaenda zake, na hofu ikamfuata hadi nyumbani kama mbwa asiye na mwenyewe.

Hati ilitoka kwenye kituo cha redio alichokitumikia tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno. Ilisema kwamba jina la Bi Kufuli ni mali ya kituo, hadithi zake ni mali ya kituo, na sauti yake, pamoja na kicheko chake mahususi, ni mali ya kituo. Mpaka shauri litakapoamuliwa, Mama Redio asivitumie hadharani.

"Hadharani ni wapi?" mama mkwe wake aliuliza hati iliposomwa sebuleni. "Chooni unaruhusiwa?"

Mumewe, fundi wa majokofu, aliguna kwa kicheko. Mama Redio hakuguna. Alikuwa akilitazama dirisha lililo wazi.

Bi Kufuli alikuwa mama mkwe bahili wa mchezo wa redio. Alifungia sukari kabatini, akavaa ufunguo shingoni kwa uzi, akawaambia wageni chai chungu ni dawa ya tumbo. Kila alipomshinda mtu alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichowafanya watu waache kazi zao wasogee redioni. Kilianzia chini, kama mtu anayeburuta meza sakafuni, kikapanda ngazi kwa ngazi, kikakatika ghafla. Kisha msikilizaji akishashusha pumzi kilitoka kimoja cha mwisho, kidogo, kama kifaranga aliyesahauliwa nje. Watu walimsamehe Bi Kufuli ubahili wake wote kwa ajili ya kile kifaranga.

Kituo kilipoufuta mchezo kikaweka muziki mahali pake, Mama Redio alianza kumchezesha Bi Kufuli mwenyewe, jikoni kwake, mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Video zake zikasambaa kuliko redio ilivyowahi kusambaa. Hapo ndipo kituo kilipokumbuka kwamba kina Bi Kufuli.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo watu wawili tu walilijua, yeye na mumewe. Kicheko hakikuwa chake.

Siku alipojaribiwa kazi, mwongozaji wa mchezo alimsimamisha mbele ya kipaza sauti, katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani ili mwangwi usipate pa kukaa, akamwambia afumbe macho. "Usinitungie sauti," alisema. "Sauti ya kutunga huchoka kabla ya msimu kwisha. Niazimie ya mtu unayekaa naye." Ndivyo walivyofanya kazi wote pale. Mlevi wa mchezo alikuwa mjomba wa mtu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa baba mwenye nyumba wa mtu. Mama Redio akafumba macho, na aliyemjia alikuwa mama mkwe wake, amesimama mlangoni pa jiko, anacheka.

Kosa lake lilikuwa moja. Wenzake waliazima sauti, mengine yote wakayabadilisha. Yeye alipoileta sauti, ufunguo ukaja nayo, na kabati, na sukari. Mwandishi wa mchezo akavipenda, akavitia chumvi, na baada ya hapo havikurudishika.

Mama mkwe hakujitambua hata siku moja. Nani ajuaye sauti yake inavyosikika nje ya kichwa chake? Mchezo ulipoanza alivuta kiti, akaongeza sauti ya redio, akasema, "Mwanamke huyu hana haya. Sukari anaifungia kama dhahabu." Mkono wake, wenyewe, ulikuwa ukiupapasa ufunguo shingoni. "Mimi nafungia kwa sababu ya sisimizi. Yeye je?" Kisha akacheka, redioni kukachekwa, vikachanganyika, na fundi wa majokofu akainuka kusema kuna jokofu la mteja anakwenda kulikagua.

Huyu ndiye aliyewalea wajukuu wakati mama yao akiwa studio. Ndugu wa mume waliposema kuigiza ni kazi ya wasio na adabu, yeye ndiye aliyewajibu, "Mke wa mwanangu ana kazi. Ninyi mna maneno." Basi Mama Redio hakuwa akiogopa hakimu sana. Aliogopa kwamba siku moja, mbele ya watu, mwanamke huyu angejisikia kwa mara ya kwanza.

Wakili wake alikuwa binti aliyetafuna karanga kila alipofikiri, na ofisi yake ndogo, juu ya duka la viatu, ilinuka karanga na ngozi mpya.

"Kicheko ulikitoa wapi?" akauliza.

"Ni changu."

"Basi cheka. Si kama Bi Kufuli. Cheka kama wewe."

Mama Redio akajaribu. Kikatoka kitu chembamba, kama chupa ya soda inayofunguliwa.

Wakili akaacha kutafuna. "Mama, tusidanganyane. Jina tuwaachie, walilitunga wao. Lakini wanadai kicheko kilizaliwa studio kwao. Tukionyesha kilikuwako duniani kabla ya studio, hawatakuwa na pa kushika. Nani mwenyewe?"

"Hayupo."

"Amefariki?"

"Mungu apishe mbali."

"Basi yupo." Akachukua karanga nyingine. "Mlete aje acheke mara moja tu, twende nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama."

"Mimi ndiye mgonjwa, wakili. Wewe unataka nimuumbue muuguzi."

Jioni hiyo aliosha vyombo, mumewe akifuta. Walizungumza chinichini, maana mama mkwe alikuwa sebuleni akiwasimulia wajukuu hadithi.

"Ukitaka kumwambia, nijulishe mapema," mume alisema. "Nitahamia ndani ya jokofu la mteja."

"Simwambii. Nitawapa wanachotaka. Nitasaini."

"Na video? Ndiyo kazi yako hiyo. Utabaki na nini?"

"Nitabaki na mama."

Mume akafuta sahani iliyokuwa imekwisha kukauka.

Kikao kilipangwa kwa msuluhishi kwanza, kabla ya shauri kufika kwa hakimu. Mama Redio alitaka kwenda peke yake. Alitoka chumbani akamkuta mama mkwe mlangoni, amevaa viatu vya safari.

"Mama, ni mambo ya kuketi tu. Utachoka."

"Nitachokea hukohuko. Mtoto wangu haendi kwenye kesi peke yake kama aliyeokotwa jalalani."

Mama Redio angesema nini? Njiani mama mkwe alimshika mkono, na ule mkono ulikuwa mkavu, wa moto, na hofu ikazidi kwa sababu ya wema wake.

Chumba cha msuluhishi kilikuwa kidogo: meza moja, viti visivyofanana, feni iliyokufa darini. Mama mkwe aliambiwa asubiri kwenye benchi ukumbini, akaketi karibu na mlinzi, na muda si muda wakawa wanazungumza habari za miguu inayouma. Msuluhishi, mwanamume mwenye sauti ya chini na leso iliyolowa jasho, alizuia mlango kwa kiti ili usijifunge.

"Tungeufunga, mheshimiwa," Mama Redio alisema.

"Tukiufunga tutaiva humu."

Upande wa pili aliketi meneja wa kituo na kompyuta yake ndogo. Mama Redio alipoiona kompyuta, akajua kilichomo. Kabla msuluhishi hajamaliza hata utangulizi, Mama Redio akasema, "Nakubali yote. Nipeni nisaini."

Wakili akamkanyaga mguu chini ya meza.

Meneja alistaajabu, kisha akafurahi. "Vizuri, dada. Lakini ni heri tusikilize kwanza, ijulikane kinachokabidhiwa ni kipi."

"Hakuna haja," alisema Mama Redio. "Kila mtu anakijua."

"Ni dakika moja tu."

Akabonyeza. Chumba kikajaa Bi Kufuli. Mgeni wake alikuwa akilalamika kwamba chai haina sukari, na Bi Kufuli akamjibu, "Wewe koroga tu. Sukari itakuja ukiiamini." Kisha kicheko kikaanza chini, meza ikaburutwa, kikapanda ngazi, kikakatika.

Na ukumbini, nje ya mlango ulio wazi, kikaanza kingine. Kilianzia chini. Kikaburuta, kikapanda ngazi zilezile, kikakatika palepale. Ndani hakuna aliyesogea. Mama Redio alifumba macho kama alivyofumba siku ile ya majaribio, akaomba kwa nguvu zake zote kisije. Kikaja: kidogo, cha pekee, kifaranga mlangoni.

"Kuna mwangwi," alisema meneja.

"Mwangwi hausubiri zamu yake," alisema msuluhishi. Akainuka, akachungulia. "Mama, ni wewe uliyecheka?"

Mama mkwe akaja mpaka kizingitini, akijipangusa macho. "Mnisamehe, mheshimiwa. Huyo bahili hunimaliza kabisa."

Meneja alikuwa akimtazama shingo. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kama mtu anayeota. "Samahani, mama. Ufunguo huo ni wa nini?"

"Wa kabati la—"

Mkono ukapanda taratibu, ukaushika ufunguo, ukaufunika. Akaitazama kompyuta. Akamtazama meneja, kisha wakili, ambaye aliacha karanga kinywani bila kuitafuna. Mwisho macho yakatua kwa mke wa mwanawe, naye alikuwa ameinamia meza.

"Wa kabati," akamaliza. Akarudi kwenye benchi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kituo kikabaki na jina na hadithi zake; kicheko kikaondolewa kwenye madai, na Mama Redio akaruhusiwa kukitumia kwa mhusika mwingine atakayemtunga. Wakili alimpa mkono wa pongezi, mkono ukaelea hewani. Mwenye kicheko hakuwa upande wowote wa shauri, na hakuna aliyemuuliza.

Njiani mama mkwe hakumshika mkono. Karibu na nyumbani aliuliza, "Watoto wanajua?"

"Hapana, mama."

"Na mwanangu?"

Mama Redio akawahi mlango, akamfungulia.

"Ndiyo maana majokofu ya watu yalikuwa yakiharibika wakati wa mchezo," alisema mama mkwe, akaingia ndani.

Tangu hapo nyumba ikawa kama studio, yenye mablanketi ukutani. Mama mkwe hakugomba. Alipika, aliwachana wajukuu nywele, aliitikia salamu. Lakini jambo la kuchekesha likisemwa, mkono wake ulifika mdomoni kabla ya kicheko, na kicheko kikafia kiganjani. Uzi ukatoweka shingoni. Bakuli la sukari likatolewa kabatini, likawekwa katikati ya meza, bila kifuniko, na hakuna aliyethubutu kulisogelea. Watoto walikunywa chai chungu kwa hiari yao. Fundi wa majokofu alisema chinichini kitandani, "Laiti angetupiga."

Mama Redio alijaribu kurekodi kwa mhusika wake mpya. Aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akafumba macho, akafungua kinywa. Aliyemjia alikuwa yule mwanamke wa kizingitini, mkono juu ya ufunguo. Kicheko hakikutoka. Akarudia hadi koo likamuuma. Sheria ilikuwa imempa kitu ambacho hakikuwemo tena nyumbani, na aliogopa kwamba hakitarudi, na kwamba yeye ndiye aliyekiua.

Asubuhi moja alimkuta mama mkwe mezani, ameinamia bakuli, akichambua kwa ncha ya kijiko. Sukari ilikuwa nyeusi, inatembea.

"Nilisema ni sisimizi," alisema mama mkwe bila kuinua uso. "Miaka yote nasema. Mkanifanya bahili, nchi nzima, kumbe ni sisimizi."

Mama Redio akachukua kijiko, akaketi mkabala naye, akaanza kuchambua. "Nisamehe, mama."

"Kicheko ungeniomba ningekupa. Ni pumzi tu. Ila ubahili sikukupa. Huo mlijipikia wenyewe huko kwenu."

"Ni kweli, mama."

Wakachambua. Sisimizi mmoja alipanda kijiko cha mama mkwe, akafika mkononi, akapulizwa.

"Na sasa hata hakitoki," Mama Redio alisema polepole, kama anayeungama. "Nimejaribu kurekodi. Nimeishiwa."

"Umeishiwa nini?"

"Kicheko."

Mama mkwe akainua uso.

"Kamuombe wakili."

Labda ni sura ya mke wa mwanawe; labda ni yeye mwenyewe maneno yalimkaa vizuri. Mkono uliinuka kwenda mdomoni, ukiwa na kijiko, ukachelewa. Meza ikaburutwa. Kikapanda, ngazi kwa ngazi, kikakatika. Mama Redio alikaa bila kupumua, kijiko hewani, akisubiri kile cha mwisho kama mtu anayesubiri hukumu, na kilichelewa, kilichelewa sana, kisha kikaja, kidogo, kikavuka bakuli.

"Cheka na wewe, basi," mama mkwe alisema, akijipangusa macho. "Hapa si hadharani."

Mama Redio akacheka. Kilitoka chembamba, kama chupa ya soda, na kilimtetemesha mabega.

Mama mkwe akatikisa kichwa, akawarudia sisimizi wake. "Hicho," alisema, "hata kituo hakitakitaka."