Basini Moja, Gants Moja

Kazi yangu ku masomo ilikuwa kufungula mulango, kupiga kengele, na siku ya visite médicale, ya kupima batoto, kushika basini. Muntu mwenye masomo yake iliishia mu quatrième, mwaka wa ine, nani atamupa thermomètre? Lakini basini naiweza. Ku nyumba nikajiita docteur assistant. Bibi yangu akasema: "Docteur wa mayi muchafu." Njo vile kweli.

Tangu vita ya kule Goma, batoto benye kukimbia balianza kuya kwetu. Directeur akasema kila lundi, siku ya kwanza ya juma, infirmière aangalie batoto bote, juu bale ba vita basituletee magonjwa. Na akapanga mustari: batoto ba huku mbele, ba vita nyuma.

Infirmière alikuwa mama muzuri, muuguzi wa kweli, lakini gants za mpira za kuvaa mu mikono alikuwa nazo mbili tu, ya kuume na ya kushoto. Anaingiza kidole mu masikio ya mutoto, anapekua kichwa, anaangalia katikati ya bidole, kisha ananinyooshea mikono. Miye nasukula gants mu basini na kasabuni. Mutoto mwingine. Mayi ile ile. Kufika kwa batoto ba vita, ilikuwa na rangi ya chai, nywele na maganda ya bidonda inaelea juu, inanuka sawa bitoyo, samaki ya kukausha ya Kasenga yenye kukosa chumvi. Nilikuwa nasukula nageuza uso.

Kulikuwa kabinti kamoja ka Goma, ka miaka munane hivi. Kalifika na shangazi yake, ngozi safi kabisa. Lundi ya tatu kakaanza kujikuna: bupele katikati ya bidole.

"Si nilisema?" directeur akasema. "Bo njo banaleta. Arudi nyumba, asirudi hapa tena."

Shangazi, mwenye kuya naye asubui ile, akamwambia pole pole: "Directeur, huyu hana tena mama, hana nyumba. Masomo njo kitu yenye alibakia nayo."

Miye nilikuwa najikuna mu mifuko tangu juma nzima. Nikatosha mikono.

"Directeur, na miye niko nayo. Ni basini. Siye njo tunabapakaa bupele."

Infirmière akaangalia chini. Directeur akaangalia bidole byangu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Vaa gants, bazazi basione. Kisha ubafungulie hawa babili mulango, batoke."

Nikazivaa. Zilikuwa bado na mayi ndani, zikaniteleza mu bidole sawa matumbo ya samaki.

Ku mulango kabinti kakaangalia mikono yangu.

"Papa, na weye banakufukuza?"

"Miye balinifukuza zamani, mu quatrième."

Hakakucheka. Nikafungula mulango na ile mikono.